Mkalimani Akishuka Madhabahuni

Kanisa nililookokea hapa Busia, mpakani mwa Uganda na Kenya, lilikuwa na sauti mbili. Mchungaji alihubiri kwa Kiganda, mkalimani akageuza kwa Kiswahili, maana wengi wetu tulikuwa Wasamia, Wateso na wachuuzi wa kutoka ng'ambo ya mpaka. Mkalimani alikuwa kijana wa bodaboda. Mchungaji akiruka, naye aliruka. Akilia, naye alitoa leso. Baada ya miaka minne alikuwa hangoji tena sentensi iishe. Wa tano akaondoka na nusu ya kwaya, akafungua kanisa lake jirani tu, spika zikituelekea sisi.

Watu waliita uasi. Mimi niliona kijana aliyehitimu shule isiyotoa cheti.

Walokole wa Uganda, yaani sisi Wapentekoste tuliookoka, wameongezeka kwa njia hiyo hiyo. Idi Amin alipopiga marufuku madhehebu mengi mwaka 1977, watu walisali majumbani kwa siri, na huko hapakuwa na askofu wa kuuliza nani kakuruhusu kuhubiri. Amin akaanguka 1979, vita vikafuata, na baada ya 1986 yakachipuka makanisa ya biwempe, ile mikeka ya mafunjo, kila mtaa. Leo mchungaji Robert Kayanja ana jengo Rubaga, Kampala, la kukalisha watu zaidi ya 10,000. Sensa ya 2002 iliwakuta Wapentekoste hawafiki asilimia 5. Ya 2014 ikawakuta wamepita asilimia 11. Hesabu hiyo isingepanda kama kila mkalimani angebaki mkalimani.

Kwa hiyo kumeguka hakunisumbui sana. Hata miavuli, yale mashirikisho yanayokusanya makanisa yetu, imegawanyika: upo NFBPC (National Fellowship of Born Again Pentecostal Churches), ulioongozwa na Alex Mitala kisha Joshua Lwere, na upo BAF (Born Again Faith) wa Joseph Serwadda. Mvua inatunyeshea vilevile.

Kinachonisumbua ni hati ya kiwanja. Waanglikana wakichoshwa na mchungaji, askofu anaweza kumhamisha, kanisa likabaki. Kwetu nani atamhamisha mwanzilishi? Makanisa mengi yamesajiliwa kama shirika au kampuni, na ukichungulia orodha ya wakurugenzi unamkuta yeye, mama mchungaji na shemeji. Sisi tuliobeba matofali kichwani hatumo. Tunamwita baba wa kiroho, lakini siku ya urithi tunagundua tulikuwa wageni. Ndiyo maana anayetaka mabadiliko hapigi kura, anahama na vipaza sauti. Ugomvi unaotangazwa kuwa wa mafundisho, mara nyingi ukiukwangua kidogo unakuta sadaka na ardhi.

Mwaka jana niliahidi mabati kumi ya jengo jipya. Nilipouliza hati imeandikwa kwa jina la nani, mzee wa kanisa alinishika bega, akaniambia, "Dada, usimguse mpakwa mafuta wa Bwana."

Sijamgusa. Mabati yako nyuma ya nyumba yangu, nimeyafunika turubai.