Japani na judo ya kugawa: ukarimu au kujitafutia jina?

Ikitajwa misaada ya judo ya Japani huko nje watu wanagawanyika palepale, wengine wanasema jamaa ni waungwana kweli, wengine wanasema aah siasa tu hiyo, wananunua marafiki. Mi naona wote wana hoja ila hazilingani uzito.

Tuanze na sifa. Yasuhiro Yamashita, yule aliyechukua dhahabu ya judo Olimpiki ya Los Angeles 1984 huku mguu umeumia, mwaka 2006 alianzisha taasisi ya kukusanya judogi (sare za judo) zilizokwisha kuvaliwa na mikeka ya tatami kuzipeleka nchi ambazo vijana wanarushana sakafuni hivihivi, wakasaidia hadi kumbi za judo China, Qingdao na Nanjing, na ukikumbuka wanajeshi wa Japani walivyoua raia kwa wingi Nanjing 1937 utajua hilo si jambo la mchezo. Mwaka 2017 akawa rais wa shirikisho la judo la Japani. Serikali nayo kupitia JICA, shirika lake la misaada ya nje, inatuma makocha wa kujitolea, kwa kawaida miaka miwili miwili.

Sasa hiyo miaka miwili ndo inanikera. Kocha anafika, anahangaika na lugha, watoto wanamzoea, wameanza tu kushika mitupo, mkataba kwisha, kwaheri. Linganisha na Zanzibar, Tsuyoshi Shimaoka alikuja mwenyewe bila kutumwa na shirikisho, akahamia, akafanya biashara zake na akafundisha judo miaka nenda miaka rudi. Mikeka inachakaa jamani, tena kwa unyevu wa pwani ndo usiseme, ila mtu aliyekaa anaacha makocha. Bara nako judo imesogea, Olimpiki ya Paris 2024 Andrew Mlugu alibeba bendera ya Tanzania na akapigana kilo 73.

Wale wa "wananunua marafiki" waangalie Rio 2007. Yamashita aligombea kubaki kwenye uongozi wa shirikisho la dunia akabwagwa vibaya na Mwalgeria, Mohamed Meridja. Kama zile judogi zilikuwa hongo basi ni hongo mbovu kuliko zote hahaha. Hapo nawatetea kabisa.

Nisipowatetea ni hapa: wanajiona walimu tu. Mwaka 2013 ilifichuka kwamba wachezaji 15 wa kike wa timu ya taifa walilalamika kupigwa na kudhalilishwa na benchi lao la ufundi, kocha Ryuji Sonoda akaachia ngazi, baadaye mwaka huohuo rais wa shirikisho Haruki Uemura naye akaondoka. Wakati huo Ufaransa kufundisha judo kwa malipo lazima uwe na diploma inayotambuliwa na serikali, na wana wanachama wengi kuliko Japani yenyewe, halafu wakawapiga Wajapani fainali ya Olimpiki ya timu mchanganyiko (wanaume na wanawake) Tokyo na tena Paris. Kusema haki Wajapani wameanza kubadilika, 2022 walifuta mashindano ya taifa ya watoto wa shule za msingi maana wazazi na makocha walishavuka mpaka kutaka ushindi.

Kwa hiyo kontena lingine la judogi lije tu, halikataliwi. Ila hela ya kontena la pili ningeiweka kumlipia kocha wa Unguja akae Tokyo miezi sita, afundishe watoto wa kule, na jioni viongozi wamuulize ameonaje.