Kifaa kikisema, na sisi tusikie

Ukipanda basi Moshi kwenda Dar, kaa viti vya mbele. Barabara ikishanyooka huko mbele na dereva akakanyaga mafuta, utasikia mlio mkali kutoka upande wa usukani: basi limevuka kilomita 80 kwa saa. Akipunguza, mlio unakatika. Akiendelea, abiria wa nyuma wanaanza kupaza sauti, "Suka, taratibu!" Na wakati huohuo mwendo wa basi na mahali lilipo vinatumwa kwa mtandao wa simu hadi kwenye mfumo wa LATRA, mamlaka inayosimamia usafiri wa ardhini. Hiyo ndiyo Intaneti ya Vitu. Inanisikitisha kwamba bado tunaielezea kwa mfano wa friji linaloagiza maziwa lenyewe, friji ambalo Arusha nzima sijui nani analo.

Utendaji wake si fumbo. Kihisi kinapima jambo fulani: mwendo, joto, unyevu wa udongo. Chipu inakisoma, laini ya simu au redio inatuma, seva, yaani kompyuta iliyoko mbali, inapokea. Kisha mtu au programu inaamua la kufanya. Mimi nashika hapo mwisho: habari hiyo inamfikia nani?

Waanzilishi wake walijibu swali hilo vizuri. Mwaka 1982, katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon kule Pittsburgh, watu wa idara ya kompyuta walichoka kushuka hadi kwenye mashine ya soda na kukuta chupa zimeisha au bado za moto. Wakaiunganisha na kompyuta, ikawa inawaambia hali yake kabla hawajanyanyuka. Cambridge, Uingereza, mwaka 1991, wenzao wakaelekeza kamera kwenye birika la kahawa kwa sababu hiyohiyo. Jina la Intaneti ya Vitu lilikuja baadaye, mwaka 1999, likitoka kwa Mwingereza Kevin Ashton alipokuwa akishughulikia ufuatiliaji wa bidhaa madukani. Lakini kwenye ile mashine na lile birika, aliyepata habari ni yuleyule mwenye kiu.

Sasa tupande mlimani, Kilimanjaro. Machame, Kibosho, Marangu, maji ya mifongo, ile mifereji ya jadi, yamemwagilia vihamba, mashamba ya ukoo, kwa vizazi vingi, na zamu za maji zina wazee wake na sheria zake. Kiangazi kikikaza, ugomvi unazuka: wa chini anasema wa juu kafungulia usiku, wa juu anaapa hajagusa kitu. Hebu fikiria kihisi kidogo kikiwa juu ya mfereji, kinatuma mawimbi ya sauti yagonge maji na kurudi, na kwa muda huo kinajua kina cha maji. Ujumbe wake ni namba chache tu, hauhitaji bando kubwa. Redio za aina ya LoRa hutuma ujumbe mdogo kama huo umbali wa kilomita kadhaa, na kwa kuwa hulala muda mwingi, betri yake inaweza kudumu miaka. Migomba na mabonde vitapunguza umbali, kwa hiyo mnara wa kupokelea lazima uwekwe mahali pa juu, pamoja na sola yake. Tengeru tuna Taasisi ya Nelson Mandela, na vijana wa kuunda kitu kama hiki tunao.

Ila namba hizo zikiishia kwenye kompyuta ya mradi mjini, hatujafanya kitu. Ziende kwa meseji, kwa Kiswahili, kwa wazee wa mfongo na kwa kila mwenye zamu, wa juu na wa chini, saa ileile. Mwenye simu ya kitochi asiachwe.

Usalama nao tusiuache kwa fundi. Mwaka 2016 programu haramu iitwayo Mirai iliteka kamera na ruta nyingi duniani kwa kujaribu tu maneno ya siri yaliyotoka nayo kiwandani. Oktoba mwaka huo zikatumiwa kuilemea Dyn, kampuni iliyokuwa ikielekeza watumiaji wa intaneti kwenye tovuti wanazozitafuta, na tovuti kubwa kama Twitter zikawa hazifikiki kwa saa kadhaa. Ukifungiwa kamera dukani, badilisha neno la siri fundi akiwa bado yuko kwenye ngazi.

Linaloniuma zaidi ni la bodaboda. Kijana wa Ngarenaro anachukua pikipiki ya mkataba, nayo imefichwa kifaa cha GPS. Mwenye mali anaona kila kona anayopita, na vifaa vingine vinaweza hata kuzima injini kutoka mbali. Namwelewa mwenye mali, pikipiki zinaibwa. Lakini rekodi ile ni ya maisha ya kijana pia: alilala wapi, alisali wapi, alimpeleka nani hospitali. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inampa haki ya kuziona taarifa zake. Basi iandikwe kwenye mkataba wenyewe, kabla hajakabidhiwa ufunguo: kifaa kipo, kinarekodi nini, nani anaiona rekodi yake, na siku akimaliza deni kinafunguliwa mbele yake.