Pakiti 11 za Chumvi

Mwaka 2021 nilikuwa kidato cha tatu, tunakaa Ngamiani, Tanga, na simu ya kupangusa nyumbani ilikuwa moja tu, ya mama. Mimi niliruhusiwa kuishika baada ya Magharibi, tena nikae sebuleni kila mtu anione, kwa ajili ya grupu la tuisheni ya Hesabu. Humo mwalimu alitupia pasipepa, na sisi tukatupia visingizio.

Ndani ya grupu hilo alikuwemo kijana mmoja wa shule nyingine, ambaye jioni alimshikia mjomba wake duka pale kona ya barabara yetu. Jina simtaji, na kwa Tanga halihitajiki. Wataje duka tu, wenyewe watakumalizia ukoo. Alikuwa mrefu, mpole, na kabla hajakupa chenji aliinyoosha kwanza. Hata noti ya elfu iliyochakaa kama kitambaa cha vumbi, ataikunjua pembe zote nne, ataipitishia kiganja, ndipo akupe. Kwa miaka ile sikuwahi kuona mwanamume mwenye mapenzi kuliko huyo.

Sasa dukani huendi kusalimia. Lazima ununue kitu, kiwe cha bei ya chini, mama asiulize hela imekwenda wapi. Nikaangukia chumvi. Kibiriti kingeisha, sabuni ingeisha, lakini chumvi nyumba ya watu watano inanunua na kusahau. Kila nikitoka tuisheni, chumvi. Nikazipanga nyuma ya debe la unga.

Mama akaziona. Hakusema neno, na mama yangu akinyamaza ujue anatafuta wa kumwambia. Jioni nikiwa uani nakosha vyombo, nikamsikia anamrekodia voisi mama mdogo aliyeko Pangani, kwa sauti ileile anayomwitia muuza samaki akiwa barabara ya pili:

"Mdogo wangu, huyu mwanao kachanganyikiwa! Pakiti kumi na moja za chumvi, nimezihesabu kwa mkono wangu. Akitumwa dukani anajipaka mafuta mpaka visigino. Visigino! Huyu ambaye kuoga asubuhi mpaka umfukuze na upawa. Kijana mwenyewe nimemchungulia, hana ubaya, ila mwembamba, nadhani kwao hashibi. Na usiku mwanao anaongea usingizini, anasema, 'Nipe chenji taratibu.'"

Nikajisemea, aibu hii angalau inaishia Pangani.

Simu ikaanza kulia. Ikalia tena. Ikalia mfululizo mpaka mama akacheka, "Leo Pangani wamechangamka!" Nikaacha sufuria na povu lake nikakimbilia ndani. Grupu la tuisheni ndilo lililokuwa wazi kwenye kioo, na voisi ya mama imekaa humo, dakika nzima na ushei, chini yake vikaragosi vinalia machozi ya kicheko.

"Mama, futa! Futa haraka!"

Akaninyang'anya simu, akabonyeza, akaniangalia kwa ushindi. "Haya, nishafuta. Makelele ya nini?"

Alikuwa ameifuta kwake peke yake. Darasa zima wanayo, wanairudia watakavyo, sisi tu ndio hatuna, wala hatukuwa tena na njia ya kuiondoa kwao. Kisha mwalimu akaandika: "Swali la leo. Pakiti moja ina gramu 500. Nyumba ikitumia gramu 25 kwa siku, pakiti 11 zitakwisha baada ya siku ngapi? Onyesha njia."

Kimya. Halafu kijana wa dukani, ambaye tangu grupu lianze hajawahi kuandika kitu, akajibu: "Siku 220, mwalimu. Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu," mama aliiambia simu.

Nilidhani hapo ndipo mwisho wa udhalili. Nilimsahau baba. Baba ni fundi baiskeli, hapendi kitu kikae bila kazi. Kesho yake akatia pakiti zote kwenye kikapu, akanibebesha, tukaongozana yeye mbele na msuli wake, mimi nyuma naiomba ardhi ipasuke.

"Kijana, mimi nimekula chumvi nyingi," baba alimwambia, watu wamejaa kibarazani, "ila hizi zimenishinda. Nibadilishie, nipe sukari."

Kijana akazipokea moja moja na kuzirudisha rafuni, masikio yamemwiva. Akapima sukari, akafunga. Ikabaki chenji, noti moja imejikunja. Akailaza juu ya meza, akakunjua pembe ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, akaipitishia kiganja.

Baba akaitazama ile noti. Akanigeukia mimi.

"Kumbe," alisema.

Jioni ile mchuzi wa samaki haukuwa na chumvi, maana baba alirudisha zote, hata ile ya jikoni iliyokuwa haijafunguliwa. Nikatumwa, nikagoma, nikasema bora tule hivyohivyo. Mama akajitanda kanga akaenda mwenyewe, "narudi sasa hivi," na mpaka Isha inaadhiniwa hajarudi. Aliporejea alikuwa na pakiti moja mkononi, na ndani ya simu yake namba ya mama wa yule kijana, ambaye kumbe ni mtu wa Muheza na wana shoga mmoja.

"Jumapili wanakuja kula," alisema, akiifungia pakiti kabatini na ufunguo kuutia kifuani. "Utapika wewe. Chumvi natia mimi."