Jiko la babu lina mapengo

Kuna watu wanarithi shamba Kabare, wengine parseli nzuri Muhumba yenye kuangalia ziwa. Mimi babu aliniachia jiko. Jiko la kuni, la chuma cha kusubu, mali ya Mbelgiji fulani aliyeondoka Bukavu, hapa Kongo, mwaka 1960 mbiombio. Masanduku aliyabeba, jiko likamshinda. Hata mimi limenishinda. Kulisogeza kunataka wanaume wanane, na kupata wanaume wanane wa bure mji huu, labda uwaambie kuna kilio.

Ugonjwa wake uko kwenye maungio. Jiko la namna hii si kipande kimoja. Ni mabamba yaliyopangwa, na kati ya bamba na bamba kuna simenti ya kuvumilia moto. Sasa chuma kikipata moto kinatanuka, kikipoa kinarudi, miaka yote hiyo. Simenti imekuwa unga, hewa inaingia inavyotaka. Utasema hewa si inawasha moto? Ngoja. Moto wenye hewa ya wizi ni kama mlevi siku ya mshahara: unamaliza zote kwa saa moja. Mzigo mzima wa mikalitusi umekwisha, maharagwe bado yanagongana ndani ya sufuria. Na mvua ikinyesha, bomba likapoa, moshi unageuza njia na kuingia kwetu sebuleni kama shemeji. Sambaza, zile samaki ndogo za ziwa, tulizokusudia kukaanga tunazila za kukaushwa.

"Papa Furaha," mama watoto akasema, "ama utengeneze hilo jiko, ama nirudie mbabula, jiko dogo la makaa."

Mbabula! Siku hizi ukiuliza bei ya gunia la makala, muuzaji anakuangalia kwanza viatu.

Washauri hawakukosa. Jirani wa juu: udongo wa kichuguu, majivu na chumvi. Jirani wa chini: weka simenti ya nyumba tu, hata ukuta wangu umesimama. Papa, ukuta wako hauchemshi maharagwe! Lakini nilimsikiliza. Ilishika siku mbili, ya tatu ikaanza kudondoka vipande, na mama watoto akakaa wiki nzima akinisemea kwa kupitia watoto. Fundi wa magari naye akaleta silikoni nyekundu, ile ya injini. Nyuzi joto 300 hivi, mwisho wake. Chumba cha moto kinazipita hizo kabla chai haijachemka.

Mwishowe Kadutu, sokoni, nikapata kopo la simenti ya tanuru, limeandikwa linavumilia nyuzi zaidi ya 1,000. Niliposikia bei nikamwuliza muuzaji kama na jiko limo ndani.

Jumamosi yote nilikwangua kwa patasi na brashi ya waya. Kamba ya zamani ya kuziba kingo za mlango, nyeupe nyeupe, sikuikwangua kavu: za miaka ile mara nyingi ni asbesto, na vumbi lake linakaa mapafuni. Nikafunga pua, nikailowesha chapachapa, nikaitoa polepole na kuifunga ndani ya mifuko miwili. Nikapachika mpya, ya nyuzi za kioo. Maungio nikayalowesha kidogo, nikabandika simenti, nikaacha ikauke. Kisha moto mdogo, mdogo sana, maana ukiwasha mkubwa, maji yaliyobaki yanakuwa mvuke, na simenti inavimba na kupasuka. Na ni siku hiyohiyo mama mukwe alipofika. Anaona mwanaume mzima amechuchumaa, anawasha vijiti vitatu. "Ndiyo kuni mnazo hizo tu, mwanangu?" Akamwangalia binti yake kwa huruma.

Likabaki jaribio. Unabana karatasi mlangoni, unafunga, unavuta: ikitoka bila shida, mlango unavuja. Kabla ya kazi nilijaribu kwa noti ya franki mia tano, ikateleza kama samaki. Sasa, mbele ya mama mukwe, ningebana tena franki? Nikatoa dola tano. Nikafunga, nikavuta. Haikuja. Nikafurahi, nikavuta kwa nguvu.

Ilikuja nusu.

Franki hapa hata ikiwa tambara inapokelewa. Lakini dola yenye mpasuko wa ukucha, Bukavu nzima hakuna atakayeigusa, na yangu ilikuwa na nusu moja mkononi, nusu nyingine jikoni.

Sikujali. Jiko limepona! Nikajaza kuni, nikawasha moto wa heshima, nikafunga mlango. Ukafa. Nikawasha tena. Ukafa. Mara ya nne mama mukwe akainama, akaangalia kule chini kwenye mlango wa majivu, akagusa kwa kidole mahali nilipopaka simenti vizuri kuliko pote.

"Mwanangu, na hiki kitundu cha kuvutia hewa, umekiziba kwa nini?"

Tulikula saa nne ya usiku. Mbabula ya jirani wa chini ilifanya kazi vizuri sana, na mimi nilikuwa ndani na patasi.