Nywila moja duka zima

Maduka ya jumla hapa Mwanjelwa, Mbeya, yananikera kwa hili: programu ya mauzo imenunuliwa kwa hela nyingi, halafu wauzaji wote, mtunza stoo na hata mwanafunzi wa fildi wanaingia kwa jina moja, "admin", nywila imebandikwa pembeni ya kompyuta. Mchele wa Kyela ukipungua stoo, bosi anafungua kumbukumbu za mfumo: saa ipo, idadi ya zamani ipo, idadi mpya ipo, aliyebadilisha ni admin. Admin nani? Anakatwa mshahara dada wa kaunta, maana ndiye mnyonge. Inauma sana! Mfungulieni kila mtu akaunti yake. Muuzaji aandike mauzo tu, kufuta risiti kuwe kwa msimamizi. Na aliyeacha kazi afungiwe siku hiyohiyo, jamani.