Dawa ya selimundu ipo, watoto wetu hawaipati

Mwezi uliopita mama mmoja ninayemfahamu, ambaye binti yake ana selimundu, ugonjwa wa kurithi unaozipinda seli nyekundu za damu na kuleta maumivu makali, alinitumia habari iliyotangaza kwamba ugonjwa huo sasa una tiba, na chini yake akaandika swali moja tu: tunaipata wapi? Kadiri nilivyoisoma habari hiyo ndivyo hasira ilivyonipanda, kwa sababu mwandishi alikuwa ameeleza kila kitu isipokuwa kile ambacho mzazi wa Afrika Mashariki anahitaji kukijua.

Ugunduzi wenyewe ni wa kweli na unastahili heshima. Uingereza iliidhinisha Casgevy, tiba inayohariri jeni za mgonjwa, mwezi Novemba 2023, na Marekani ikafuata Desemba. Seli shina za mgonjwa, yaani zile zinazotengeneza damu, hutolewa, sehemu ya jeni inayozima hemoglobini ya utotoni (protini ya kubeba oksijeni ambayo mtoto huzaliwa nayo) huharibiwa, mgonjwa hupewa dawa kali ya kuua uboho wake wa zamani, kisha seli zake hurudishwa mwilini. Kati ya wagonjwa 31 waliofuatiliwa kwa muda wa kutosha, 29 walikaa angalau miezi 12 mfululizo bila kupatwa na maumivu makali. Bei yake Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja, na haiwezekani bila hospitali inayoweza kupandikiza uboho. Wakati huohuo, takribani robo tatu ya watoto wanaozaliwa na selimundu duniani huzaliwa Afrika kusini mwa Sahara.

Kinachoniuma ni kwamba hemoglobini hiyo ya utotoni tunaweza kuiongeza kwa njia nyingine. Kila mtoto huzaliwa nayo kwa wingi, na maadamu ipo, seli zake nyekundu hazipindi kirahisi. Ndiyo maana mtoto mwenye selimundu huonekana mzima kabisa katika miezi ya mwanzo, kisha maumivu yakaanza inapopungua. Haidroksiyurea, dawa ya kumeza iliyoidhinishwa Marekani kwa watu wazima wenye selimundu tangu mwaka 1998, nayo huiongeza. Haiponyi, lazima inywewe kila siku, na damu ya mgonjwa lazima ipimwe mara kwa mara. Nayakubali yote hayo. Hata hivyo, ni dawa ya kawaida isiyohitaji chumba cha upasuaji wala maabara ya jeni.

Tena ilijaribiwa hapa hapa kwetu. Utafiti wa REACH, uliochapishwa mwaka 2019, uliwapa haidroksiyurea watoto 606 wenye umri wa mwaka 1 hadi 10 huko Kilifi (Kenya), Mbale (Uganda), Kinshasa (Kongo) na Luanda (Angola). Hofu ilikuwa kwamba dawa inayopunguza chembe nyeupe za damu ingewaacha wazi kwa maambukizi katika maeneo yenye malaria. Matokeo yakawa kinyume: malaria ilipungua kwa takribani nusu, vipindi vya maumivu vikapungua kwa zaidi ya nusu, haja ya kuongezewa damu ikashuka kwa theluthi mbili, na vifo vikashuka kutoka 3.6 hadi 1.1 kwa kila watoto 100 kwa mwaka. Atakayenikumbusha kwamba watoto hao walilinganishwa na hali yao wenyewe kabla ya kuanza dawa, na si na kundi jingine, atakuwa amesema kweli, lakini nani angethubutu leo kuwanyima watoto dawa hiyo ili tu apate kundi la kulinganisha?

Matokeo hayo yalistahili vichwa vya habari vikubwa kuliko vya Casgevy, kwa kuwa yanamhusu mtoto aliye wodini sasa hivi. Badala yake, bado yupo mama anayembeba mtoto wa miezi minane aliyevimba vidole vya mikono na nyayo kwa pamoja, anayelia akiguswa tu, na anazungushwa kutoka kituo hadi kituo bila mtu kufikiria kumpima selimundu. Tone la damu la kisiginoni alipozaliwa lingetosha. Penisilini ya kila siku, ambayo tangu mwaka 1986 imethibitishwa kuwakinga watoto hawa dhidi ya vimelea vya nimonia, ingeanza mapema, na mama angefundishwa kupapasa chini ya mbavu za kushoto ili ajue bandama inapovimba ghafla na kumkimbiza mtoto hospitali. Wataalamu wamekadiria kwamba nusu au zaidi ya watoto wa Afrika wanaozaliwa na ugonjwa huu hufa kabla ya kutimiza miaka 5, wengi wao bila hata kupimwa.

Najua kwamba fedha za utafiti wa jeni na fedha za kununua haidroksiyurea hazitoki katika mfuko mmoja, na kwamba kuisimamisha sayansi hiyo kusingemwokoa mtoto hata mmoja wa Kilifi. Utafiti uendelee, na bei ishuke. Lakini tarehe 19 Juni, Siku ya Selimundu Duniani, waandishi wa habari watakuwa mbele ya mawaziri wa afya wakiwa na vinasa sauti mikononi, nami nawaomba waulize mambo mawili: ni hospitali ngapi za wilaya zina haidroksiyurea ya kipimo cha watoto leo, na ni wodi ngapi za wazazi zinampima mtoto kabla hajarudi nyumbani na mama yake.