Miezi ya Kusubiri Kidato cha Tano Isiishie Darasani

Kila mwaka, vijana wa Tanzania wanapomaliza mtihani wa taifa wa kidato cha nne mwezi Novemba, huanza kipindi cha takriban miezi saba ambacho hakimo katika ratiba ya mwalimu yeyote, kwa kuwa kidato cha tano hufunguliwa mwezi Julai. Hata hivyo, kabla matokeo hayajatoka, mabango ya masomo ya matayarisho ya kidato cha tano huwa yameshatundikwa kwenye nguzo za umeme, na wazazi wengi, kwa nia njema kabisa, hulipa ada ili mtoto aliyetoka darasani juzi arudi darasani leo. Naamini kwamba kwa kufanya hivyo tunawanyima vijana nafasi ambayo hawataipata tena kwa urahisi, na ningependa wao wenyewe waidai.

Sisemi kwamba masomo hayo hayana faida. Kijana anayetarajia kusoma fizikia huku hesabu zikimsumbua anastahili kusaidiwa mapema. Ninachopinga ni mazoea ya kuyafanya masomo hayo kuwa matumizi pekee ya miezi yote saba, asubuhi hadi jioni, kana kwamba nje ya ubao hakuna mahali pengine mtu anapoweza kujifunza.

Hasara kubwa ya mazoea haya huonekana kwenye uchaguzi wa tahasusi, yaani mchanganyiko wa masomo ya kidato cha tano na sita. Mwanafunzi hujaza PCB (fizikia, kemia na baiolojia) kwa sababu nyumbani wanataka daktari, au HGL (historia, jiografia na Kiingereza) kwa sababu aliogopa hesabu, ilhali hajawahi kukaa hata siku moja karibu na mtu anayefanya kazi anayoiota. Katika miaka ya karibuni TAMISEMI, wizara inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa, imekuwa ikiwapa wahitimu fursa ya kubadili tahasusi baada ya matokeo na kabla ya kupangiwa shule, na fursa hiyo huangukia ndani ya miezi hii hii ninayoizungumzia. Aliyejitolea kwenye zahanati wakati huo, akipanga mafaili ya wagonjwa na kuona jinsi muuguzi anavyozungumza na mama mwenye mtoto mwenye homa, huwa na sababu yake mwenyewe ya kubaki na PCB au kuiacha. Aliyeshinda kwenye masomo ya matayarisho huongozwa na alama zake pamoja na maneno ya wajomba.

Kuna pia elimu ambayo kitabu huigusa kwa mbali tu. Binti mmoja wa mtaani kwetu aliyekuwa akisubiri matokeo alikwenda kujifunza kwa fundi cherehani, na mchana mmoja nilimkuta akihangaika na sketi ya pande sita. Kiuno cha mteja kilikuwa inchi 30, kwa hiyo kila pande lilihitaji inchi tano. Fundi alimwachia futikamba na chaki, akamuuliza swali moja tu: mshono utaupitisha wapi? Binti alinyamaza, akahesabu, kisha akaongeza nusu inchi kila upande, pande likawa na inchi sita. Angekata bila nyongeza hiyo, mishono ingekula inchi sita kwa jumla, kiuno kingebaki inchi 24, na kitambaa cha watu kingekuwa kimeharibika. Hesabu ya namna hiyo alikuwa ameifanya mara nyingi daftarini, lakini pale mezani kosa lilikuwa na mwenyewe ambaye angekuja Ijumaa kuchukua sketi yake. Uwajibikaji wa aina hiyo ni vigumu kuufundisha kwa mtihani wa majaribio.

Jambo hili si geni kwetu. Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alilalamikia shule zilizomtenga mwanafunzi na jamii iliyomlea na kumfanya aamini kwamba maarifa yote yamo vitabuni. Mwaka 1991, wanafunzi 12 wa Dar es Salaam walikutana na Jane Goodall, mtafiti maarufu wa sokwe, nyumbani kwake kuzungumzia matatizo waliyokuwa wakiyaona katika mazingira yao, na mazungumzo hayo yakazaa mpango wa vijana wa kutunza mazingira uitwao Roots & Shoots, ambao leo una vikundi katika nchi nyingi duniani. Ninavutiwa na ukweli kwamba vijana wale walikwenda na maswali yao wenyewe, yaliyotokana na waliyoyaona kwa macho.

Najua pingamizi la wazazi: mtoto asiye na shughuli ataharibika. Hofu hiyo ni ya kweli, ila tiba yake ni shughuli, na shughuli zipo nyingi. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, hutoa kozi fupi, maktaba za mikoa zipo wazi, gereji zipo, na mashamba ya wajomba hayajahama. Linalonisikitisha zaidi ni hali ya wasichana, ambao wengi wao miezi hii huishia jikoni na kulea watoto wa ndugu bila mtu kuhesabu kwamba wamefanya kazi, huku kaka zao wakiruhusiwa kutoka. Mzazi anayemruhusu mwanawe wa kiume ashinde gereji amtengee na binti yake saa zake, na saa hizo ziheshimiwe hata wageni wanapofika.

Kwa wale watakaomaliza Novemba hii, ushauri wangu ni kuanza kutafuta nafasi sasa, kabla ya mtihani. Nenda ofisi ya serikali ya mtaa uombe barua ya utambulisho, umtafute fundi au ofisi unayoitaka, na mwende na mzazi au mlezi siku ya kwanza ili makubaliano ya muda, nauli na usalama yafanyike mbele yake. Nanyi mafundi na wakuu wa ofisi mtakaowapokea, tafadhali msiwafanye wa kutumwa chai tu. Wapeni kazi ndogo iliyo kamili, muwaache waifikishe mwisho, kisha muikague pamoja nao.